Kuwakusanya Mabinti wa Konventi: mwongozo kamili wa umoja wa wanafunzi wa zamani Zanzibar

Umoja wa wanafunzi wa zamani huanza na daftari la majina. Wengi huanza na karamu: ukumbi hukodiwa, pilau hupikwa, watu hukumbatiana na kulia, kisha kila mmoja hurudi kwake, na baada ya miezi mitatu hakuna anayekumbuka vizuri nani alikuwepo. Karamu ina nafasi yake na tutaifikia. Kabla yake kuna kazi ya miezi minne hadi sita ya kutafuta watu. Kwa Konventi ya Mtakatifu Yosefu, skuli ya masista ya Unguja, kazi hiyo ina ugumu wake, kwa sababu wasichana waliokaa dawati moja walikuwa wa dini na asili mbalimbali, na leo wametapakaa kutoka mtaa wa Malindi hadi Toronto.

Haraka pia ipo. Aliyeingia darasa la kwanza mwaka 1963 leo anakaribia au amepita miaka 70. Waliomtangulia ni wazee zaidi, na kila mmoja anayefariki huondoka na majina ya wenzake ishirini.

Kwanza, kubalianeni ni skuli gani

Wamisionari Wakatoliki walifika Unguja mwaka 1860 kutoka kisiwa cha Réunion, wakiwa pamoja na masista wa shirika la Mabinti wa Maria. Baadaye Mapadre wa Roho Mtakatifu waliishika kazi hiyo na mwaka 1868 wakafungua misheni ya Bagamoyo. Konventi ya Mtakatifu Yosefu, ambayo watu wa mjini waliiita Konventi tu, ni tawi la mti huo. Baada ya Mapinduzi ya 1964 skuli za mashirika ya dini zilichukuliwa na Serikali, na tarehe 23 Septemba mwaka huo elimu ikatangazwa kuwa bure. Konventi ikawa Tumekuja, kama King George VI ilivyokuwa Lumumba na skuli ya Serikali ya wasichana ilivyokuwa Ben Bella. Andikeni majina ya zamani na mapya kwenye kila tangazo. Bibi wa miaka themanini hulijua la kwanza, na mjukuu wake anayemsomea ujumbe kwenye simu hulijua la pili.

Msiichanganye Konventi na skuli ya wasichana ya Mbweni. Ile ilikuwa ya Waanglikana wa misheni ya UMCA na kumbukumbu zake hazipo mahali pamoja na za Wakatoliki.

Halafu kuna uamuzi ambao lazima ufanywe kwenye kikao cha mwanzo kabisa: waliosoma kwenye majengo yale baada ya 1964 ni wenzenu au si wenzenu? Shauri letu ni kuwaingiza. Walipanda ngazi zile zile, na baadhi yao ni watoto wa mabinti wa Konventi. Pia ndio watakaokuwa na nguvu ya kubeba viti na kuandika barua miaka kumi ijayo. Umoja unaojifungia kwa waliosoma chini ya masista peke yao unajiandikia mwisho wake. Uamuzi wowote mtakaofikia, uandikwe kwa sentensi moja kwenye muhtasari, maana suala hili hurudi.

Daftari

Nunueni daftari gumu la kurasa 200 lenye mistari, na papo hapo mfungue jedwali la kompyuta lenye safu zile zile. Daftari hubebwa nyumbani kwa wazee, jedwali hutumika kutafuta. Safu ni hizi: jina alilotumia skulini, jina la baba, jina la ndoa kama lipo, jina la utani, mtaa aliokaa wakati anasoma, mwaka alioingia, darasa la mwisho, dada zake waliosoma hapo, anapoishi sasa, namba ya simu, nani aliyetupa habari zake, na kama ametoa idhini namba yake wapewe wengine.

Pangeni watu kwa mwaka wa kuingia, wala si mwaka wa kumaliza. Kosa la kupanga kwa mwaka wa kumaliza ndilo linalowapoteza watu wengi kuliko jengine lolote. Wasichana wengi hawakumaliza: wapo walioozwa mapema, wapo ambao familia zao ziliondoka mwaka 1964 au muda mfupi baadaye, wapo waliohamishiwa bara. Ukimuuliza mama wa namna hiyo "Ulimaliza lini?" atajibu kwamba yeye si wa kuandikwa, na hapo umemkosa. Muulize aliingia lini na alikaa na nani.

Majina nayo yana kanuni zake. Mwanamke Muislamu wa Unguja kwa kawaida hubaki na jina la baba yake hata akiolewa, kwa hiyo jina la skulini na jina la baba hutosha kumfikia. Mkatoliki wa asili ya Goa aghalabu alichukua jina la ukoo la mume, na pengine akahamia Uingereza au Canada kwa jina hilo. Huyo hatapatikana bila kujua aliolewa na nani. Masista ndio wagumu zaidi. Sista aliitwa kwa jina la kitawa, na baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki uliomalizika 1965, masista wengi wa mashirika mbalimbali walirudia majina yao ya ubatizo. Mkiandikia nyumba mama ya shirika kumuulizia sista, tajeni jina mlilomjua nalo, miaka aliyokuwa Unguja na somo alilofundisha. Jina peke yake halitoshi.

Majina hupatikana wapi? Chanzo cha kwanza ni wazee wenyewe, kwa kanuni ya watatu: kila anayeandikwa ataje watatu anaowakumbuka, na mmoja wao awe wa dini tofauti na yake. Hilo la mwisho msiliache. Bila ya hilo orodha hufuata udugu na sala, na mtajikuta na Wagoa arobaini na Mngazija mmoja.

Chanzo cha pili ni ofisi ya parokia ya Minara Miwili, kanisa la Mtakatifu Yosefu. Kwa desturi ya Kanisa Katoliki, ndoa ya mtu huandikwa pembezoni mwa ukurasa wake kwenye rejista ya ubatizo, hata akifunga ndoa hiyo nchi nyengine, kwa kuwa parokia ya huko hutuma taarifa. Kwa hiyo ukurasa wa binti aliyebatizwa Unguja unaweza kukupa jina la mume na mji wa ndoa. Rejista hizi ni siri. Nendeni na barua yenye majina yasiyozidi kumi, mwachieni padre au katibu wake atazame, wala msiombe kupiga picha kurasa. Wasiokuwa Wakatoliki hawamo humo, na ndiyo maana parokia haiwezi kuwa chanzo pekee.

Nyaraka za Taifa pale Kilimani zina majalada ya idara ya elimu ya zama za ukoloni. Mtapata barua na ripoti, lakini msitarajie orodha za madarasa. Kumbukumbu za Mapadre wa Roho Mtakatifu zipo Chevilly-Larue, karibu na Paris. Aliye na binti au mpwa Ufaransa anaweza kuombwa aende, akiandika barua kwanza.

Neno "marehemu" lisiandikwe mbele ya jina mpaka watu wawili wasiotegemeana wathibitishe. Umoja ukimtangaza kafariki mtu anayekunywa chai yake Muscat, ukoo mzima hautausamehe.

Picha za darasa

Picha ya darasa ni orodha ya majina iliyokaa kimya. Kuna mambo mawili: kuihifadhi na kuisomesha.

Hewa ya Unguja ina unyevu na chumvi, na picha huota ukungu. Msiifute kwa kitambaa kilicholowa, wala msiipitishe kwenye mashine ya plastiki, maana ikishafungwa vile haitoki tena na unyevu hubaki ndani. Kama imegandia kwenye albamu yenye gundi, ipitisheni nyuma yake uzi mwembamba wa kusafishia meno, pole pole, kwa mwendo wa msumeno. Ikigoma, iacheni na muichukue kwa skana ikiwa ndani ya ukurasa wake. Geuzeni nyuma kabla ya yote: muhuri wa studio, mwaka wa penseli au majina mawili matatu vinaweza kuwa pale. Capital Art Studio ya Barabara ya Kenyatta ilifunguliwa 1930, na muhuri kama huo husaidia kukadiria picha ni ya lini.

Skana kwa nukta 600 kwa inchi kwa picha ndogo na 300 kwa iliyozidi ukubwa wa karatasi ya A4. Simu inatosha kwa kutumiana tu. Jina la faili lianze na mwaka, lifuate darasa, kisha namba: 1958_darasa6_01. Kama mwaka haujulikani, andikeni muongo na alama ya x, yaani 195x. Msikisie. Picha asili irudi kwa mwenyewe siku hiyo hiyo, kwa sahihi. Mama aliyetoa picha yake kisha ikamrudia baada ya mwaka hatatoa ya pili, na hatakuwa na kosa.

Kuisomesha: chapeni nakala kubwa ya A3, wekeni juu yake karatasi nyembamba inayopitisha mwanga, chora mviringo wa kila kichwa na uupe namba kuanzia mstari wa mbele, kushoto kwenda kulia. Nenda nayo kwa mzee mmoja mmoja, asubuhi, kwenye mwanga wa dirisha, na kila mmoja awe na orodha yake ya majibu. Ukiwakalisha watano pamoja, mwenye sauti kubwa ndiye ataamua kila sura ni ya nani. Jina likitajwa na wawili waliokaa mbali mbali, liandike kwa kalamu; la mmoja liandike kwa penseli.

Mawasiliano

Kundi la WhatsApp lina shida moja ambayo wengi huiona baadaye: kila aliyemo huziona namba za wote. Kwa wanawake wazee, wengine wajane, hilo si jambo dogo. Ndiyo sababu safu ya idhini imo daftarini. Kwa wasiotaka kundi, tumieni orodha ya matangazo ya WhatsApp, ambayo huchukua watu 256 na kila mmoja hupokea ujumbe kana kwamba ameandikiwa peke yake. Lakini ujumbe huo humfikia yule tu aliyeihifadhi namba ya mtumaji kwenye simu yake. Katibu akisema "nilituma" na nusu ya watu wakasema hawakupata, sababu kwa kawaida ni hiyo.

Kanuni za kundi ziwe chache: habari za wenzetu, skuli, misiba na furaha. Siasa hapana. Kubishana kwa dini hapana. Mwaka 1964 uliziumiza baadhi ya familia na kuzifungulia milango nyengine, na wote hao wamo humu. Kundi lisigeuzwe mahakama. Anayetaka kusimulia maisha yake ya miaka ile arikodiwe kwa utulivu, nyumbani kwake, kwa ridhaa yake.

Kikao cha mtandaoni kiwekwe Jumamosi saa 11 jioni kwa saa za Zanzibar. Oman mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi, Ulaya na Canada ni Jumamosi na Jumapili, kwa hiyo Jumamosi inawafaa wote. Muscat itakuwa saa 12 jioni. London saa 9 alasiri wakati wa kiangazi chao na saa 8 mchana wakati wa baridi. Toronto saa 4 au saa 3 asubuhi. Kimalizike ndani ya dakika 50, ili wa Unguja na Pemba wawahi magharibi.

Siku ya kukutana

Tarehe ndiyo hutibua mambo. Sikukuu ya Mtakatifu Yosefu ni 19 Machi, lakini kwa kawaida huwa ndani ya Kwaresima, na miaka hii Ramadhani nayo iko karibu. Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu na mwandamo wa Ramadhani ziliangukia wiki moja. Mei Mosi, ambayo pia ni ya Yosefu Mfanyakazi, ni mapumziko kwa wote, ila masika humwaga na wazee hawatoki. Epukeni wiki ya 12 Januari, siku ya Mapinduzi. Tunayoipendekeza ni Jumamosi iliyo karibu na 15 Agosti, sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria: mvua imekwisha, upepo wa kusi unapoza joto, na walioko Ulaya na Canada wako likizo. Vyumba huwa ghali mwezi huo, kwa hiyo wageni wajulishwe miezi sita kabla na wenye nafasi nyumbani wawapokee. Tazameni pia Maulidi yanaangukia lini, kwani kalenda ya Kiislamu husogea siku kama 11 kila mwaka.

Mahali pawe chini, ghorofa ya kwanza hapana. Ngazi za nyumba za Mji Mkongwe ni za kusimama wima na nusu ya wageni hawataziweza. Pawe pia mahali gari linafika karibu, upande wa Vuga au Mnazi Mmoja, maana vichochoroni mtu hulazimika kutembea. Viti vyote viwe na migongo. Kuwepo na choo cha kukalia, pembe yenye mikeka safi na maji ya kutilia udhu. Mkitaka kuingia Tumekuja kuangalia madarasa, andikeni barua kwa Mwalimu Mkuu na nakala kwa Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali, wiki sita kabla, mkitaja idadi ya watu na saa. Wanafunzi wa sasa wasipigwe picha bila ruhusa ya skuli.

Wa Pemba wafike siku moja kabla. Msiwapangie kuteremka melini na kuja moja kwa moja. Ni vyema kuwa na mwakilishi mmoja Chake Chake anayekusanya majina ya Wete na Mkoani na kukata tiketi kwa pamoja.

Mpangilio unaofaa ni huu. Saa 3 asubuhi Misa ya kuwaombea marehemu pale Minara Miwili, kwa wanaotaka, na kwenye mwaliko iandikwe wazi kwamba mkutano wenyewe unaanza saa 4 na nusu, ili asiyeingia kanisani asihisi amechelewa wala amelazimishwa. Saa 4 na nusu salamu na chai. Saa 5 majina ya waliotangulia yasomwe yote, ya dini zote, kwa mpangilio wa mwaka wa kuingia, watu wakiwa wamesimama kimya, na kila mmoja aombe moyoni kwa imani yake. Tumekuta kimya hicho kinawaunganisha watu kuliko sala yoyote ya pamoja iliyotungwa ili kuwaridhisha wote. Yafuate maonyesho ya picha. Adhuhuri mapumziko ya sala, kisha chakula. Kikao cha maamuzi kiwe baada ya kula na kisizidi dakika 40. Hotuba za wageni rasmi zisizidi moja.

Chakula cha watu 60: mchele kilo 8, nyama ya ng'ombe yenye mifupa kilo 10, viazi kilo 4, vitunguu kilo 4, thomu robo tatu ya kilo, tangawizi nusu kilo, mafuta lita moja na nusu, na bizari nzima, hiliki, mdalasini, pilipili manga na karafuu kwa kipimo cha mpishi. Tungule kilo 4 na ndimu 30 kwa kachumbari. Nyama inunuliwe Darajani, na Wakatoliki wote wataila. Hakuna nguruwe, hakuna pombe, hata kwenye keki. Wahindu wasiokula nyama wapikiwe sufuria yao, mchele kilo moja na nusu na choroko, na mwiko wake usiingie kwenye pilau. Wenye sukari ni wengi katika umri huu: chupa moja ya chai isiyotiwa sukari iwekwe alama kubwa, pawe na samaki wa kuchoma na mboga. Halua kilo 2 na kahawa vinatosha, kwani watu huonja tu.

Fedha na usajili

Mchango ukipitia simu ya mtu mmoja huchanganyika na fedha za nyumbani kwake. Si lazima awe mwizi. Ni kwamba siku ya kuulizwa hatakuwa na hesabu. Chagueni watu watatu wa kutia sahihi, na fedha zitoke kwa sahihi za wawili. Benki itataka cheti cha usajili, katiba, muhtasari wa kikao uliowateua watia sahihi, vitambulisho na picha zao. Kwa hiyo usajili kwa Mrajis wa Jumuiya huja kabla ya akaunti. Usajili wa bara hauchukui nafasi ya huu, kwani Zanzibar ina sheria yake ya jumuiya. Nendeni ofisini mkachukue fomu na ada za wakati huo. Msitegemee alizolipa mtu miaka iliyopita. Mpaka cheti kitoke, fungueni akaunti ya pamoja ya watu watatu na muitumie kwa jambo moja tu.

Stakabadhi itolewe hata kwa shilingi elfu mbili, na hesabu isomwe kila miezi mitatu mbele ya wote, pamoja na walioko nje.

Kazi baada ya karamu

Anayetaka uthibitisho wa matokeo yake ya mtihani wa Cambridge asaidiwe kuandika maombi Cambridge, akitaja jina alilofanyia mtihani, mwaka na skuli. Hapa daftari hulipa kazi yake, maana wengi wamesahau mwaka.

Kumlipia binti anayesoma sasa ni jambo zuri, lakini mchukueni mmoja na fedha za miaka yake yote ziwe zimeshatengwa kabla hajaambiwa. Kuwaanza watano na kuwaachia njiani ni kuwaumiza. Ada ilipwe skulini moja kwa moja, na jina lake lisitangazwe.

Misiba ndiyo hupima umoja. Muislamu huzikwa mapema, mara nyingi siku ile ile, na Mkatoliki pengine hungojwa ndugu kutoka ng'ambo. Kwa hiyo wekeni utaratibu wa simu: katibu hupigia watu watano, kila mmoja hupigia wengine sita, na ndani ya saa moja watu 35 wamejua. Ubani uwe wa kiwango kimoja kwa kila mfiwa, tajiri kwa maskini, utolewe kutoka mfuko na kupelekwa na wawili, mmoja akiwa wa dini ya marehemu ili ajue desturi za nyumba hiyo. Jioni ile ile katibu afungue daftari, aandike tarehe, na awapigie dada wa marehemu waliosoma Konventi kuuliza kama kuna picha yake ya skuli ya kuongeza kwenye maktaba.

Daftari liwe na nakala tatu kila mwisho wa mwaka: moja kwa katibu, moja kwa mwanachama mdogo kuliko wote, na moja nje ya visiwa.